Usipime Juni kwa Mei: ushauri kwa wenye vyumba vya watalii Zanzibar

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa idadi ya watalii walioingia, na kila mwezi kwenye magrupu yetu sisi wenye vyumba vichache huku kusini mwa Unguja huzuka vifijo au vilio. Mtu akiandika "wageni wamepanda," mimi huuliza kwanza: wamepanda kutoka wapi?

Juni kuizidi Mei si habari. Aprili na Mei ni masika, njia za ndani ni madimbwi matupu, na hoteli nyingine hufunga kabisa. Julai na Agosti skuli za Ulaya zimefungwa, na Waitaliano wa Agosti ndio usiseme. Desemba na Januari watu wanakimbia baridi kwao. Mawimbi hayo yapo hata mwaka ukiwa mbovu, kwa hiyo Juni ya mwaka huu ipime kwa Juni ya mwaka jana.

Hata hapo kuna mtego. Pasaka ya 2024 iliangukia tarehe 31 Machi, ya 2025 ikaangukia 20 Aprili. Ukipima Machi kwa Machi utadhani soko limekufa, kumbe wageni wa Pasaka wamesogea mbele tu. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. 2024 ilianza Machi. Ikifika 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, msimu umepamba moto. Wenye mikahawa inayofungwa mchana wa Ramadhani wapige hesabu hiyo mapema. Sijaona wengi wanaoipiga.

Jumla ya mwaka inafurahisha: watalii 638,498 mwaka 2023, halafu 736,755 mwaka 2024. Lakini anayehesabiwa ni mtu aliyeingia, si usiku aliolala kwako, na vyumba vya kupangisha navyo vimeota kama uyoga. Angalia pia uraia. Wapolandi wakiongezeka, wengi wao wameshalipia ndege na hoteli kubwa kwa pamoja, hawaji kugonga mlango wangu. Mimi hutazama Wajerumani na Wafaransa, maana wageni wangu wengi wanatoka huko na hujipangia safari wenyewe.

Takwimu zikitoka, zilaze kando ya daftari lako la wageni. Kisiwa kimeshuka nawe umeshuka, basi ni soko. Subiri, usikimbilie kuteremsha bei. Kisiwa kimepanda wewe umeshuka, hapo kagua picha zako mtandaoni, bei, na maoni ya wageni wa karibuni. Mara nyingi utakuta mtu mmoja amelalamikia maji ya bafuni na hujamjibu.

Na matengenezo yafuate kalenda hiyo hiyo. Mwezi wa pili ingia kila chumba saa sita mchana, funga madirisha, tazama juu: jua likipenya kwenye makuti, ndipo mvua itakapopita. Agiza makuti wakati huo, kabla kila mtu hajamkimbilia fundi mmoja. Rangi na mabomba viachie Mei, na likizo za wafanyakazi vilevile. Ukichukua mkopo, muombe afisa mikopo marejesho makubwa yawe Agosti na Januari, Aprili na Mei ulipe kidogo. Wengine hukubali ukiwaonesha takwimu za miezi ya miaka mitatu iliyopita, zimechapwa, na daftari lako pembeni.