Je, Rais aweza kuipeleka nchi vitani peke yake?

Ndugu, umeuliza kama Rais wetu aweza kuiingiza nchi vitani bila kumshirikisha mtu. Nakujibu nikiwa Moshi, na nakala yangu ya Katiba ya Tanzania ya 1977 ipo mezani, ukurasa wa Ibara ya 44 umejaa alama za penseli. Ibara hiyo inamruhusu Rais kutangaza hali ya vita, lakini inamtaka apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, ambaye, baada ya kushauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni (yaani Waziri Mkuu), ataitisha Bunge katika muda usiozidi siku 14 ili lifikirie kupitisha au kutopitisha azimio la kumuunga mkono. Bunge, basi, huja baada ya tangazo. Sioni ubaya hapo, kwa kuwa majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978 (wazee wa huku bado wanalisimulia) hapakuwa na nafasi ya mjadala mrefu. Kinachonisumbua ni kwamba ibara haielezi kitakachofuata azimio likikataliwa. Breki ya kweli, kwa maoni yangu, ni fedha, maana Ibara ya 136 hairuhusu zitoke Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini ya kisheria, na vita haviendi bila mafuta wala posho.