Midoli ya kitambaa ya kufundishia: kabla ya kukata kitambaa, jiulize mtoto atafanya nini nayo

Dada yetu wa Mbale, swali lako limenigusa kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya hapa Arua, Uganda, kwa hiyo nakuomba uvumilie, jibu ni refu. Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: dada anashona dubu na ng'ombe wa kitambaa, kifuani anatarizi herufi na namba, na shule za nasari zinanunua. Tatizo ni kwamba walimu wanamwambia watoto hushika midoli hiyo siku chache kisha inabaki kapuni. Anauliza aongeze nini ili ichezewe zaidi na ifundishe.

Mimi ningesema usiongeze kitu. Ondoa herufi, kisha mpe mtoto kazi ya kufanya.

Herufi iliyotariziwa kifuani ni ya kutazamwa. Mtoto wa miaka mitatu akishaitazama amemaliza, hana cha kuifanyia. Mtoto wa umri huo anajifunza kwa mikono: anaficha na kufichua, anajaza na kumwaga, anavua na kuvalisha, analisha, anabeba mgongoni. Ndiyo maana ninapofikiria mdoli mpya naandika vitenzi kwanza pembeni mwa karatasi, kabla hata ya kujua ni mnyama gani. Wazo lisilopata walau vitenzi vitatu silipelekei mkasi.

Nikupe mfano wa ule ninaoushona zaidi ya yote, kuku mwenye vifaranga. Kuku mwenyewe ni mkubwa kiasi cha kukumbatiwa kwa mikono miwili. Mabawa yake hayajashonewa chini, yanafunguka, na chini ya kila bawa kuna vifuko vitatu. Vifaranga ni sita na kila kimoja ni cha kitambaa tofauti: taulo, jinzi, kitenge, flisi, satini na gunia laini. Havina namba wala herufi.

Sasa keti pembeni umwangalie mtoto. Wa miaka mitatu anavitoa vyote, anavirudisha, anavitoa tena. Siku moja kifaranga kimoja kinabaki chini ya meza. Anapomaliza kurudisha anaona kifuko kimoja kiko wazi. Anainua bawa, anaingiza vidole ndani ahakikishe, kisha anainuka kwenda kutafuta. Huyo hajui kuhesabu hadi sita, lakini ameshajua kwamba kila kifuko kina wake na kwamba mmoja hayupo. Huo ndio msingi wa hesabu, na vifuko ndivyo vilivyomwonyesha. Mwalimu akiwa karibu anauliza tu, "Wangapi wako nje?" na somo linaendelea lenyewe.

Wa miaka minne na mitano wanakwenda mbali zaidi. Wanafumba macho na kutafuta kifaranga cha jinzi kwa kupapasa. Wanavipa majina. Halafu anatokea mmoja, mkono wake unakuwa mwewe, na kuku anakusanya watoto wake chini ya mabawa huku darasa zima likipiga kelele. Hakuna aliyewafundisha mchezo huo. Wamemwona kuku wa kweli akifanya hivyo nyumbani. Ndiyo sababu nakushauri uchague mnyama ambaye watoto wako wanajua tabia zake. Dubu ni mzuri, ila mtoto wa Mbale hajui dubu anakula nini wala analala wapi, kwa hiyo hadithi inakatika mapema. Mbuzi, kuku, bata, ng'ombe na ndama wake, hawa wanakuja na hadithi zao tayari.

Kuna sababu nyingine ya kuacha herufi, na kwetu huku ni kubwa. Baadhi ya midoli yangu inakwenda kwenye vituo vya watoto katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi. Darasa moja linaweza kuwa na mtoto wa Kikakwa, wa Kidinka, wa Kibari, na mwingine anayezungumza Kiarabu cha Juba au Kiswahili. Mjini kwetu kuna Kilugbara juu ya hayo. Ukishona "A" na picha ya tufaha umechagua lugha moja, na tena umechagua tunda ambalo wengi wao hawajalionja. Kuku hana lugha. Mwalimu atafundisha kwa lugha ya darasa lake, na watoto wataazimana maneno wao kwa wao wakiwa wanacheza.

Jambo hili la kumpa mtoto kitu cha kushika kabla ya kitu cha kusoma si langu. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea mwaka 1837, alipanga vifaa vya kuchezea kwa hatua, na kifaa cha kwanza kabisa kwa mtoto mdogo kilikuwa mipira laini ya sufu ya rangi sita, yenye kamba ya kuining'iniza. Haikuwa na maandishi yoyote. Mtoto anaushika, unavutwa, unarudi, unafichwa mkononi, na mama anasema maneno ya kila kitendo. Ukiweza kushona mpira wa kitambaa na ukamfundisha mama kuuchezesha hivyo, tayari una kifaa cha kufundishia.

Uso nao ni sehemu ya ubunifu. Wateja wengi watakuomba tabasamu kubwa. Fanya uso mtulivu, macho mawili na mdomo mfupi ulionyooka, basi. Washonaji wa wanasesere wa shule za Waldorf, mfumo wa elimu ulioanzia Ujerumani, wamefanya hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu uso usio na hisia kali unamwachia mtoto nafasi: leo mdoli unalia, kesho una homa, jioni umekasirika. Mdoli unaocheka muda wote ni vigumu kuupeleka hospitali. Na michezo ya hospitali, ya kubembeleza na ya kugombeza ndiyo inayowapa watoto maneno ya kusema wanachohisi. Nimemsikia mtoto asiyezungumza kabisa darasani akimweleza ndama wa kitambaa kwa nini hapaswi kuogopa sindano.

Hakikisha pia mdoli unaweza kuketi wenyewe. Hili linadharauliwa sana. Mdoli unaoanguka kila ukiwekwa hauwezi kualikwa chai, hauwezi kuwa mwanafunzi, hauwezi kusubiri zamu yake. Weka uzito chini, kwenye makalio, na ufanye miguu iinamike kwenye paja kwa kushona mstari mmoja kukatiza mguu kabla ya kujaza sehemu ya juu. Kampuni ya Steiff ya Ujerumani ilipotoa dubu wake mwaka 1902, upya wake ulikuwa hapo hapo: mikono na miguu ilizunguka, kwa hiyo mtoto aliweza kumkalisha na kumsimamisha atakavyo. Viungo vile vina vipuri ndani na vinahitaji ufundi wake. Mstari wa mshono unatosha kwetu.

Walimu wengi watakuomba korongo taji kwa sababu yuko kwenye bendera yetu ya Uganda. Anakubalika, lakini miguu na shingo yake vitakusumbua ukimtengeneza wa kujaza. Mshone kama mdoli wa kuvaa mkononi: mkono wa mtoto unakuwa shingo, vidole vinafungua mdomo, na taji ni vipande vifupi vya felti vilivyoingizwa ndani ya mshono. Usitumie nyuzi ndefu kwa taji. Watoto wanaoona aibu kusema mbele ya wenzao mara nyingi husema kupitia ndege aliye mkononi, na hapo mwalimu wa lugha anapata anachokitafuta.

Sasa usalama, na hapa naomba usipite haraka. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu usiweke kitu chochote kidogo kinachoweza kung'oka. Viwango vya kimataifa vinatumia kikopo cha kupimia chenye upana wa milimita 31.7, na kitu kinachoingia chote ndani yake kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Vifaranga vyangu nimevikuza kupita kipimo hicho kwa mbali, na bado naviangalia kila kimoja. Macho nayatarizi kwa uzi, vifungo situmii. Kama mteja anang'ang'ania macho ya plastiki kwa watoto wakubwa, fahamu kwamba kiwango cha Ulaya kinataka jicho livutwe kwa nguvu ya nyutoni 90 kwa sekunde 10 bila kung'oka. Hiyo ni karibu uzito wa kilo 9. Chukua jerikeni, tia maji lita 9, lifunge kwenye jicho na ulinyanyue polepole huku unahesabu. Utashangaa ni macho mangapi ya sokoni yanabaki kwenye kamba. Na watoto wa chini ya mwaka mmoja wasilale na mdoli laini kitandani, hata uwe salama namna gani; waambie akina mama waziwazi unapowauzia.

Kuhusu cha kujazia: nyuzi za poliesta, ile tunayoiita pamba ya mito, ndiyo bora kwa sababu inafuliwa na kukauka. Sufi ni laini na nyepesi, lakini vumbi lake linawasha kifua unapojaza, na ikifuliwa inashikana mabonge. Pamba mbichi nayo hushikana. Mabaki ya vitambaa ya mafundi ni ya bure na yanafaa kwa uzito wa chini, ila ukijaza mdoli mzima utakauka siku nyingi na msimu wa mvua utaota ukungu. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, usitumie hata ndani kabisa, mshono ukifumuka mtoto anaweza kujifunika pua nayo. Godoro lililokatwakatwa pia liache, linasagika na kutoka punje punje. Maharage na mahindi kwa ajili ya uzito? Hapana. Yanaliwa na wadudu, yakilowa yanaota, na yakimwagika yanaingia puani. Kwa sauti ya kayamba natumia kichupa cha plastiki cha dawa kilichooshwa vizuri, natia mtama mkavu, kifuniko nakibandika kwa gundi, kisha nakishonea ndani ya mfuko wake wa kitambaa kigumu kabla ya kukiweka tumboni.

Vitambaa huku tuna bahati, vitenge vinaingia kutoka upande wa Kongo na bei inavumilika. Kifue kitenge kabla ya kukata, mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu kila mdoli utaishia mdomoni. Acha sentimita moja ya pindo kwani kitenge kinachambuka, shona mara mbili kwa hatua fupi, na kata vipembe kwenye sehemu za mviringo kabla ya kugeuza. Kwa flisi na taulo ninanunua blanketi za watoto za mitumba. Nazichemsha, nazianika juani, na ulaini wake kitambaa kipya cha bei yetu hakiufikii.

Jambo moja kuhusu kuuza. Mwalimu ukimkabidhi kuku na kuondoka, kuna hatari akamfungia kabatini ili asichafuke. Mimi hukaa naye chini kwenye mkeka, tunacheza pamoja na watoto watatu wanne, anaona mwenyewe bawa linavyofunguliwa na maswali yanavyokuja. Namwambia pia mdoli huu umetengenezwa ili uchafuke na ufuliwe, na kwamba nitamshonea kifaranga kingine kikipotea. Ahadi hiyo ya kifaranga imeniletea wateja wengi kuliko picha zote nilizowahi kutuma WhatsApp. Ukifika hatua ya kuuza madukani kwa wingi, nenda kwanza UNBS, shirika la viwango la Uganda, waulize wanataka vipimo gani, usisubiri wakukute.

Dubu ulio nao tayari usiwatupe. Fumua herufi, mkate dubu tumboni, mtie mfuko wenye zipu kubwa na umshonee vyakula vitatu vinne vya kitambaa: matoke, samaki, hindi, yai. Mdomo uwe tundu linaloshuka hadi kwenye mfuko. Mtoto atamlisha, atafungua tumbo, atatoa, ataanza upya, na atakuambia kila anachomlisha.

Nijulishe watoto wa shule unazouzia ni wa umri gani, na kama cherehani chako kinashona zigizagi au mstari peke yake. Nikijua hilo nitakuchorea patani ya kuku kwa vipimo na kuibandika hapa hapa kwenye uzi, na wengine mnaoshona mnaweza kuichukua.