Mbuzi wangu wa Lac Vert (kwa wewe unayeanza kuchora vibao)

Jana usiku kijana mmoja wa Birere, hapa Goma, kanitumia mesaji: «Yaya, nimepewa kazi ya kuchora vibao vya kituo cha afya, wagonjwa wengi hawajui kusoma, nianzie wapi?» Nikaanza kumujibu, jibu likakuwa refu, njo maana naliweka hapa, juu najua muko wengi munaotafuta hii kazi.

Mi nilianzia kwa mbuzi.

Kulikuwa mradi mmoja, jina sitaji, walitaka vibao vya mazuku upande wa Lac Vert. Mtu wa Goma mazuku anaijua, lakini kwa wale wa mbali: ni gesi ya kaboni inatoka chini ya udongo, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inalala kwenye mashimo na mabonde, haionekani, na asubuhi kabla upepo haujaamka unakuta mbuzi miguu juu. Mtoto naye iko hatarini kuliko mukubwa, pua yake iko karibu na chini. Basi nikachora mbuzi amelala. Mbuzi muzuri, ndevu mpaka kwato! Wakubwa wa mradi wakasema fremu iwe kijani kama logo yao, nikaitika ndiyo chefu, nilikuwa na njaa ya dola.

Siku ya kusimika mama mmoja akatua gunia lake la makala, akaangalia weee, akaniuliza: «Papa, munafungua lini?» Kufungua nini, mama? «Si munauzisha nyama ya mbuzi?» Nikamwambia hapana, hapa kuna mazuku, ni hatari. «Hatari na kijani?» Akanyoosha kidole kule Nyiragongo, volkano yetu. Na kweli, mji huu tunajua rangi za tahadhari ya volkano, kijani lala, nyekundu kimbia. Mama alikuwa na kanuni kichwani, mimi na diploma yangu sikukuwa nayo.

Vibao vikang'olewa, pesa iliyobaki sijaiona mpaka leo, kazi wakapewa wengine. Bado inaniuma, sifiche.

Kumbe hizi rangi dunia ilishazipanga. Kwenye ISO 7010, kanuni ya alama za usalama ya ISO, shirika la viwango la dunia, pembetatu ya njano yenye mpaka mweusi ni tahadhari, duara nyekundu lenye mstari ni katazo, duara la buluu ni lazima ufanye, kijani ni usalama, njia ya kutokea ama huduma ya kwanza. Alama za choo, maji, simu na zingine kama hizo ziko kwenye ISO 7001, tangu 1980. Basi ya kwanza, usivumbue! Ninyi vijana munapenda kuvumbua, mtu akikaa mbele ya simu masaa mbili anajiona msanii, wakati mgonjwa anatafuta choo tu.

Ya pili, uliza watu. Wamarekani kwa kanuni yao ya ANSI Z535.3 wanataka watu 85 kwa 100 waelewe alama, na wanaoielewa kinyume kwa namna ya hatari wasipite 5. Hata wakubwa walijikwaa: ile alama ya mionzi yenye mapanga matatu watu hawakuielewa, njo 2007 IAEA, shirika la dunia la nguvu za atomu, na ISO wakatoa nyingine ya nyongeza yenye fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kuijaribu kwenye nchi 11. Mi nilikopi hiyo akili. Pembetatu ya njano, fuvu chini ndani ya shimo, mtoto anakimbia kupanda juu. Nikaenda nayo kwa bomba la maji, nikauliza watu 20, mmoja mmoja, bila kuwasaidia. 18 walielewa. Wa kumi na tisa akasema ni michezo. Wa ishirini ni muzee mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, alikataa kujibu mpaka nimulipe.

Kimoja nilikisimika mwenyewe, na rangi ya pesa yangu. Wachunga mbuzi wanazunguka mbali, nimeona na macho yangu.

Ya tatu ni uliza watu tena. Na wewe wa Birere, lete michoro yako Jumamosi kabla hujapaka kitu, na malipo chukua nusu mbele.