Mwalimu, kwa nini "call off" si kuita?

Maswali ya wiki hii yametoka Masasi, Newala, Mikindani, Nachingwea na Lindi mjini. Mengi yanagusa jambo moja ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii: kitenzi cha Kiingereza na kijineno kinachokifuata.

Shikamoo mwalimu. Naandika hesabu kwenye ghala la korosho hapa Masasi. Mnunuzi alituma ujumbe: "Tomorrow's visit is called off." Najua "call" ni kuita, nikaelewa kwamba ziara imeitishwa. Niliwaweka wachukuzi tangu saa moja asubuhi, mnunuzi hakutokea. Nilikosea wapi?

Marahaba, na poleni sana, wewe na wachukuzi wako. Ulikitafsiri kitenzi peke yake ukamwacha mwenzake. "Call off" ni kufuta. Ziara ilikuwa imeshavunjwa. Angeandika "put off", ingekuwa imeahirishwa, mngesubiri siku nyingine. "Call for" ni kudai au kutaka jambo lifanyike. Kuita kwenyewe kumebaki mbali kabisa.

Usione ajabu, maana nasi tunalo jambo hilo, ila tunaliweka ndani ya neno. Chukua "kimbia". Ukimkimbia mbwa, unamwepa. Ukimkimbiza, yeye yuko mbele na wewe uko nyuma yake. Ukimkimbilia mama, unakwenda kwake upate hifadhi. Mabadiliko yote hayo yamo mkiani mwa kitenzi. Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo, kwa hiyo kina "run" ileile na kuifuatishia kijineno: "run away from the dog", "run after the dog", "run to your mother". Kazi inayofanywa na "after" hapo ndiyo kazi ya -iza yetu.

Hakuna mtoto wa Masasi anayechanganya kukimbiza na kukimbilia, na hakuna aliyewahi kukaririshwa. Aliyasikia maneno yakiwa mazima, kila moja na mahali pake. Kwa hiyo kwenye daftari lako futa ule mstari wa "call = ita". Andika "call off" kama neno moja, na chini yake unakili ujumbe wa mnunuzi kama ulivyokuja. Hutausahau tena.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Newala. Mwalimu alinikata "Wait me" na "He explained us the question", lakini "Give me" akaipa vema. Kwa nini?

Mwanangu, mwalimu wako yuko sahihi. Kiswahili kinamwingiza mtendewa ndani ya kitenzi: nisubiri, nisikilize, amenicheka, alitueleza. Mkono umezoea hiyo -ni- na hiyo -tu-, ndiyo maana unaandika "wait me". Kwa Kiingereza ni "wait for me", "listen to me", "he laughed at me", "he explained the question to us". Vitenzi kama "give", "tell", "show" na "send" humpokea mtu moja kwa moja. "Say" hakubali: "tell me", lakini "say it to me". Hapa sina kanuni fupi ya kukupa. Visome kwa sauti mpaka sikio likatae lenyewe.

Nikuoneshe kimoja kwa karibu. Mwenzako uwanjani akikuambia "nitupie mpira", Kiingereza kinataka kujua kusudi. "Throw the ball to me" ni ili audake. "Throw the ball at me" ni ili umpige nao. Vivyo hivyo "shout to" ni kumpaazia sauti mtu aliye mbali, na "shout at" ni kumfokea. Herufi mbili tu, na heshima ya mtu imo humo.

Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni, Mikindani. Mgeni alimuulizia mkewe, nikamwambia "She has slept." Akashangaa, akauliza ameamka saa ngapi!

Dada, wewe ulitafsiri "amelala". Ila -me- yetu, ikikutana na vitenzi kama lala, kaa, simama, vaa na choka, mara nyingi haisemi kwamba jambo limepita. Inasema hali ipo mpaka sasa. "Has slept" ilimfanya adhani usingizi umekwisha. Sema "She is asleep" au "She is sleeping". Amekaa ni "he is sitting". Nimechoka ni "I am tired".

Na kuvaa: anavaa viatu, yaani ndiyo kwanza anaviingiza miguuni, ni "he is putting on his shoes". Amevaa viatu ni "he is wearing shoes". Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja na kubadili -na- kwa -me-. Kiingereza kinaleta vitenzi viwili.

Je, ni "turn off it" au "turn it off"? Na "discuss about" ni sawa?

"Turn it off". Jina likitajwa lina uhuru, "turn off the light" au "turn the light off", lakini "it", "me" na "them" hukaa katikati: "pick me up". "Look after" haiachani: "look after me". Na "discuss" haitaki "about".

Nina umri wa kutosha, niko Nachingwea. Kama "put off" ipo, "postpone" ya nini?

Shikamoo mzee wangu. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na mahakama. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini, na mengine yakaendelea kuingia karne zilizofuata. "Postpone" asili yake ni Kilatini. "Put" na "off" ni za wenyeji. Nasi tunayo hayo: kikao tunakisogeza mbele tukiwa kibarazani, kwenye barua tunakiahirisha, na hilo la pili limetoka Kiarabu. Kwa hiyo barua ya ofisini andika "postpone", kwa simu na mwenzako sema "put off".

Naendesha bodaboda Lindi. Abiria mzungu nimwambie "get in" au "get on"?

"Get on", kaka, na akishuka "get off". Basi la Dar es Salaam na meli pia ni "on". Teksi, gari dogo na bajaji ni "get in" na "get out".