Mtoto ametimiza miezi 6 na anautema uji: tuanze na uji wenyewe

Dada, umesema mwanao ametimiza miezi 6, ananyonya vizuri, lakini uji wa lishe anautema na choo kimeanza kuwa kigumu. Mama mkwe anashauri uutie kwenye chupa, chuchu itobolewe tundu kubwa ili ushuke. Naanza na uji, kwa sababu ushauri wa chupa unatokana na uji uliopikwa mwepesi.

Piga hesabu. Kijiko kimoja cha chakula cha unga kina gramu 10 hivi, yaani kilokalori 35 (kilokalori ni kipimo cha nguvu inayotoka kwenye chakula). Vijiko 2 kwenye nusu lita ya maji vinatoa uji wenye kilokalori 14 tu kwa mililita 100. Maziwa yako yana kama 65 hadi 70 kwa kipimo hichohicho. Tumbo la mtoto wa kilo 7 linabeba mililita 210 hivi kwa mlo mmoja, basi kila kikombe cha uji huo kinachukua nafasi ya maziwa yanayoushinda zaidi ya mara nne. Mtoto anashiba kweli, ila uzito haupandi, na mama anabaki kujiuliza kwa nini wakati mtoto anakula.

Pika hivi: unga vijiko 4, maji mililita 300. Koroga unga kwanza kwa maji baridi kidogo, umimine kwenye maji yanayochemka, uache uive dakika 15 huku ukikoroga. Ukikaribia kuepua, tia kijiko 1 cha chakula cha karanga zilizosagwa laini na kijiko 1 cha chai cha mafuta ya kula. Hapo umevuka kilokalori 80 kwa mililita 100. Inamisha kijiko: uji udondoke kwa uzito wake, usitiririke. Chumvi na sukari havihitajiki, na asali ni marufuku kabla ya mwaka mmoja.

Ukiona ni mzito mno kwake, usiongeze maji. Tumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi uchipue, uanike juani ukauke kabisa, usage. Uji ukishaiva epua, uache upoe kidogo, kisha koroga kijiko 1 cha chai cha kimea. Ndani ya dakika 10 unalainika bila kupoteza nguvu yake. Urudishe motoni uchemke tena ndipo umpe. Wengi hukosea kwa kutia kimea kwenye uji unaochemka: joto linaua kimeng'enya, yaani kile kilichomo kwenye kimea kinachovunja wanga na kulainisha uji, na uji unabaki vilevile.

Kuhusu unga wa lishe wa nafaka tisa, siupendi kwa kuanzia. Mtoto akitoka vipele hutajua ni ngano, soya au karanga. Soya isiyokaangwa vizuri humsumbua tumbo, na karanga zikisagwa pamoja na unga wa mwezi mzima huchacha. Kubwa zaidi ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Saga nafaka moja au mbili tu, karanga weka kando, uzichambue moja moja: zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zitupwe. Mpe kila chakula kipya siku 3 kabla ya kuongeza kingine. Midomo ikivimba au akipumua kwa shida, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Uji hata uwe mzito namna gani hautoshi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huelekea kwisha karibu na miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Njia rahisi ni dagaa: osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu nne mchanga uishe, kausha, kaanga bila mafuta, twanga, chekecha, uhifadhi kwenye chombo kikavu. Kijiko 1 cha chakula kwenye viazi au ndizi zilizopondwa kinatosha mlo mmoja. Maini yaliyoiva na kusagwa mpe mara moja kwa wiki, si kila siku, kwa kuwa yana vitamini A nyingi. Yai liive lote. Chai usimpe, hata ya maziwa, inazuia chuma kufyonzwa. Kama alizaliwa njiti au na uzito mdogo, uliza kliniki kuhusu dawa ya chuma.

Kutema si kukataa. Ulimi bado unasukuma nje kama anaponyonya. Mnyonyeshe kwanza, mkalishe wima, mpe vijiko 2 au 3 mara mbili kwa siku, uongeze taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Akigeuza uso, acha, urudie kesho. Chakula kimoja kinaweza kuhitaji majaribio kumi. Akifika miezi 9 apate milo 3 au 4, pamoja na vipande laini vya kushika mwenyewe. Kumlaza chali na kumbana pua ili ameze kunaweza kupeleka uji kwenye mapafu. Chupa ya tundu kubwa ina hatari hiyohiyo, na chuchu yake ni vigumu kuisafisha. Mheshimu mama mkwe, mpe kikombe na kijiko, amlishe yeye mwenyewe.

Choo kigumu kinaweza kutokana na kuanza na vyakula kama wali na ndizi pekee. Mpe papai lililopondwa vijiko 2, na mafunda machache ya maji yaliyochemshwa baada ya kula. Vipande vya karoti au maharage vikionekana kwenye nepi, usihangaike. Damu ikionekana, mpeleke akapimwe.

Uji uliobaki usiuweke kwenye chupa ya chai mpaka jioni. Uvuguvugu ule ndio bakteria wanaoupenda. Usiuache zaidi ya muda wa saa mbili, pika kidogo kidogo.