Pikipiki ya moyo, pikipiki ya kazi, na dhamana ya kulipia

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Naishi Usa River na ofisi yangu iko Arusha mjini, zaidi ya kilomita 20 kwenda tu. Nimedunduliza muda mrefu na roho yangu iko kwenye Royal Enfield Classic 350. Wenzangu wananicheka, wanasema nichukue Boxer 150 niishi kwa amani, maana hiyo nyingine ni ya kupigia picha na nitashinda gereji. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Usa River

JIBU: Ndugu yetu, wenzako wamechanganya mambo mawili: pikipiki kuharibika, na pikipiki kulala kwa kukosa spea. Boxer nayo huharibika. Ila klachi yake ikiungua Kikatiti, fundi wa kijiweni anaijua kwa kupapasa, duka la jirani lina pleti zake, na jua halijafika utosini umeshaondoka. Ukiwa na Classic, kifaa kilekile huenda kikaagizwa Dar es Salaam au Nairobi. Hapo ndipo ulipo usumbufu, si kwenye chuma chenyewe.

Sifa ya Royal Enfield ya kuvuja oili na kulegea bolti imetokana na modeli yao ya zamani, Bullet. Jina hilo lilianza Uingereza mwaka 1932, na kuanzia 1955 zikaundwa Madras, India, kwa muundo ambao haukubadilika sana kwa miongo mingi: gia boksi ikiwa kasha la peke yake na viungio vingi vya gasketi. Classic ya sasa, iliyotoka 2021, haina undugu na injini hiyo. Ina injekta (kifaa cha umeme kinachopuliza mafuta badala ya kabureta), shafti ya kupunguza mtetemo, na injini na gia viko kwenye kasha moja.

Ule mdundo unaokuvutia hautokani na ubovu. Silinda ina upana wa mm 72 na pistoni inasafiri mm 85.8, kwa hiyo mapigo yanakuja taratibu na mazito. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ni Nm 27 kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika; Boxer 150 inatoa kama Nm 12 kwenye mizunguko 5,000. Kilima ambacho Boxer inakuomba ushushe gia, hii inapanda na gia ileile. Ukienda na kurudi kila siku, utaipata tofauti hiyo mabegani.

Lakini kuna mawili tunayokutaka uyapime kabla ya kutoa hela. La kwanza, Classic mpya haina kiki. Pampu ya mafuta na injekta vinataka umeme, kwa hiyo betri ikifa kabisa, hata kusukuma hakukusaidii. Nunua kipima volti cha bei ndogo: injini ikiwa imezimwa tangu jana, betri nzima husoma volti 12.6 au zaidi. Injini ikiunguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, stata (koili za kuzalisha umeme, si stata ya kuwashia) au rektifaya inayougeuza umeme huo uchaji betri ina kasoro, na usisubiri ikuzimikie Tengeru saa mbili usiku. La pili ni uzito, kilo 195. Ikilala kwenye tope la masika, kuinyanyua peke yako ni kazi.

Jaribio letu ni hili. Kabla ya kulipa, zunguka maduka ya spea Arusha ukiwa na orodha: waya wa klachi, pedi za breki za mbele na nyuma, filta ya oili, seti ya cheni na sproketi, pleti za klachi, na mkono wa klachi. Kama vitatu au zaidi havipo, viagize siku hiyohiyo unaponunua pikipiki, uvitunze nyumbani. Halafu tafuta fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu za injekta. Ukimpata fundi na spea zikiwa kabatini, chukua Classic bila kinyongo. Ukikosa fundi, hapo wenzako wameshinda.

SWALI: Habari zenu. Mimi ni mwanabodaboda Kisumu. Nimechukua pikipiki mpya ya 150 kwa mkopo. Muuzaji ananiambia niongeze shilingi 15,000 nipate waranti ya mwaka wa pili. Dhamana ya kwanza ni miezi 12 au kilomita 12,000. Nilipe?

JIBU: Usilipe, kaka. Chukua kalamu. Ukitembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, unafikisha kilomita 3,120. Dhamana inakwisha kwa kile kinachotangulia, basi hizo kilomita 12,000 utazimaliza kabla mwezi wa nne haujaisha. Mwaka wa pili unaouziwa, kama nao una kikomo cha kilomita, utakuwa umekufa kabla ya kuzaliwa. Soma pia kipengele cha matumizi: mikataba mingine hukata au kupunguza dhamana kwa pikipiki ya kubeba abiria, na wewe hiyo ndiyo kazi yako.

Kisha angalia kinachokuharibikia kweli. Cheni, sproketi, matairi, brekishuu, pleti za klachi, balbu, beringi za magurudumu: karibu vyote huandikwa kuwa ni vya kuchakaa, na dhamana haivigusi. Kinachobaki ni injini, na injini ya boda mara nyingi huuawa na oili na vumbi, mambo ambayo muuzaji atayaita uzembe wako.

Kwa hiyo hizo 15,000 zitumie hivi. Mwaga oili kila kilomita 2,000 hadi 2,500, kwa kuwa unabeba mzigo na kusimama-simama. Kipimo cha lita kimeandikwa kwenye kitabu. Usimimine kwa macho. Nunua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze, maana klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Kagua kiwango kila Jumatatu, pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya katikati. Oili ikipungua, kwenye injini yenye kemshafti (shafti inayofungua valvu) kule juu, hiyo ndiyo inayoumia mapema, kwa sababu oili inafika huko mwisho. Ukisikia mlio wa cherehani kichwani mwa injini, pima oili kwanza, ndipo ufikirie tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu.

Tapeti hurekebishwa injini ikiwa baridi, alama ya T ikiwa sawa na alama ya kasha, na valvu zote mbili zikiwa zimelegea. Zikiwa zimebana, zungusha tena mzunguko mmoja mzima. Kwa injini za aina ya Honda CG125 nafasi ni mm 0.08, kwa yako fuata kitabu. Fundi anayepima kwa kutikisa na kidole atakuachia valvu iliyobana, na valvu iliyobana huungua taratibu bila kelele yoyote. Cheni iache icheze mm 20 hadi 30, ukiipima katikati na pikipiki ikiwa haijabeba mtu. Ea klina ipulize kila wiki wakati wa kiangazi. Vumbi likipita hapo linakwangua ringi, na moshi wa bluu ndio risiti yake.

Tena, weka daftari: tarehe, kilomita, oili gani, risiti. Ndani ya ile miezi ya kwanza huduma zote zifanye kwa wakala, hata kama kijiweni ni nafuu. Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikigonga kwenye kilomita 6,000, hicho ndicho kitakuwa kithibitisho chako.

Kwa kuwa umeitaja kazi: uimara wa hizi pikipiki ndogo haukuja kwa bahati. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976, waliondoa kemshafti ya juu na cheni yake wakaweka vijiti vya kusukuma valvu, na cheni ya nyuma wakaifunika, kwa kuwa walijua wengi wa watakaoinunua hawatafanya huduma kwa wakati. Iliundwa kwa ajili ya uchovu wa mwenye nayo. Ndiyo maana injini za kuigiza muundo huo ziko kila kona ya Afrika Mashariki.

SWALI: Niko Minnesota, Marekani. Nataka Harley-Davidson mpya. Duka linaniuzia mkataba wa miaka 5 kwa dola 1,800, eti kwa sababu Harley zinaharibika. Ni kweli?

JIBU: Takwimu zipo. Mwaka 2015 jarida la Consumer Reports lilitoa matokeo ya utafiti wa wasomaji wake: katika miaka minne, asilimia 11 ya Yamaha na 12 ya Honda zilikuwa zimepata hitilafu, Harley asilimia 26, BMW 40. Ila utafiti huohuo uliuliza nani angenunua tena aina ileile, na asilimia 72 ya wenye Harley walisema ndiyo. Watu wanajua wanacholipia. Pembe ya digrii 45 kati ya silinda mbili zinazotumia pini moja ya krenki inatoa mlipuko mmoja baada ya digrii 315 na unaofuata baada ya 405. Ule mdundo wa kuchechemea umo ndani ya chuma, hauongezwi na ekzosi.

Sasa mkataba. Dhamana ya kiwanda ya Harley ni miezi 24, kilomita zozote. Ukiona miaka 5 inahesabiwa tangu siku ya kununua, unachonunua ni mitatu. Minnesota theluji inakuacha uendeshe kama miezi 6 kwa mwaka. Dola 1,800 kwa miezi 18 ya barabarani ni dola 100 kila mwezi, na kila ukipeleka gereji huenda kuna kiasi cha kuanzia unachotoa mfukoni. Hitilafu zilizotajwa sana kwenye utafiti ule ni taa, swichi na vifaa vya ziada, breki, umeme na mfumo wa mafuta. Nyingi hazifiki hela hiyo. Kinachofika ni moduli ya ABS (breki zinazozuia tairi kufunga) au kompyuta ya injini.

Ukiwa huna akiba kabisa ya kubeba pigo la namna hiyo, basi nunua, ila si siku ya kusaini. Uliza kama unaweza kuuchukua dhamana ya kiwanda ikikaribia kwisha, bishana bei, na usiuingize kwenye mkopo, kwani utaulipia riba. Tafuta mkataba unaoorodhesha visivyolipiwa, si ule unaoorodhesha vinavyolipiwa. Uliza nani analipa kampuni ya mkataba ikifilisika, na ukiuza pikipiki unarudishiwa kiasi gani.

Na kuhusu oili: sheria ya Marekani ya dhamana, Magnuson-Moss ya 1975, haimruhusu mtengenezaji kufuta dhamana yake kwa sababu tu ulimwaga oili mwenyewe. Tunza risiti za oili na filta, na andika kilomita juu yake. Mkataba wa kulipia unaweza kuwa na masharti yake mengine. Ukurasa wa huduma usome kabla ya ukurasa wa bei.