Re: Madarasa ya wazee wenye sukari na presha, pesa inarudi kweli?

Mkuu, umeuliza kama chama chenu cha wastaafu kikiwalipia wazee madarasa ya kuishi na sukari, presha na baridi yabisi, gharama za matibabu zitapungua, au itaishia kuwa semina tu.

Programu inayojulikana zaidi ni ile iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Kate Lorig na wenzake. Ni wiki 6, saa mbili na nusu kila wiki, na wanaofundisha ni watu wa kawaida, wengi wao wagonjwa wenyewe. Unafuu uko hapo, hulipi mshahara wa daktari. Kila wiki mzee anajipangia jambo dogo, mfano "nitatembea dakika 15 baada ya chai, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa", halafu anataja kutoka 0 hadi 10 ana uhakika kiasi gani wa kulitimiza. Akisema 5, lengo linapunguzwa hadi afike 7. Utafiti wao wa 1999 ulikuta hata siku za kulazwa zimepungua.

Ila usishangilie mapema. Uingereza waliifanyia majaribio kwa watu 629, matokeo yakatoka 2007: wagonjwa walijiamini zaidi na kupata nguvu kidogo, lakini safari za hospitali hazikupungua kivile. Gharama kwa waliohudhuria ilikuwa ndogo kwa kama pauni 27 tu kwa mtu.

Mimi ningelipia, ila nisingewaahidi wanachama kwamba bili zitashuka. Na wekeni nauli kwenye bajeti, maana mzee akikosa vikao viwili vya mwanzo, anaweza asirudi tena.